Nani Alimpokea Askari? Riwaya ya Kusisimua na Ardhi ya Mbulu na Hanang



Mada niliyopewa ni riwaya ya kusisimua, hasa ile inayomhusu askari aliyerudi vitani na jeraha lisiloonekana, kisha akajikuta ndani ya uhalifu. Ni kisa kinachopendwa na wasomaji wengi, na kwa sababu kinapendwa, wasomi wengi wamekidharau. Mimi nakiheshimu. Naamini kikiandikwa vizuri kinaweza kusema juu ya taifa letu mambo ambayo taarifa za serikali na hotuba za maadhimisho haziwezi kuyasema.

Nitatetea hoja moja. Askari wa riwaya hizi haanzi kuanguka siku anaposhika bunduki kwa mara ya pili. Anaanza kuanguka siku anayofika nyumbani na kukuta hapana nafasi yake. Kwa hiyo swali linaloibeba riwaya ya namna hii ni hili: nani alimpokea? Wilaya zetu mbili, Mbulu na Hanang, zina majibu ya swali hilo ambayo riwaya ya Kiswahili bado haijayatumia ipasavyo.

Kisa chenyewe kilivyo

Wengi wenu mnamjua Rambo kwa sinema ya mwaka 1982. Kabla ya sinema kulikuwa na kitabu, First Blood, alichokichapisha David Morrell mwaka 1972, wakati vita vya Vietnam vikiwa bado vinapiganwa. Kijana aliyetoka vitani anaingia katika mji mdogo wa jimbo la Kentucky, nywele ndefu, nguo chakavu. Mkuu wa polisi anamtoa nje ya mji. Anarudi. Anatolewa tena. Damu yote inayomwagika baadaye inatokana na kufukuzwa huko. Jambo ambalo sinema haikulipa uzito ni kwamba mkuu wa polisi huyo naye ni askari wa zamani, aliyepigana Korea. Mwandishi amewakutanisha mashujaa wa vita viwili, mmoja alipokewa na mwingine hakupokewa. Ndiyo maana kitabu kinamwacha msomaji hajui ampende nani.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikigusa kisa hiki mapema. Katika Weep Not, Child ya mwaka 1964, Boro amepigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Pili na kumpoteza ndugu yake huko. Anarudi Kenya, hana kazi, na ardhi ya baba yake iko mikononi mwa mlowezi. Anaingia msituni na kuua, na Ngũgĩ haogopi kutuonyesha kwamba kwa Boro kisasi kimekula imani yote. Miaka ishirini na miwili baadaye, katika Matigari ya mwaka 1986 aliyoiandika kwa Kigikuyu, mpiganaji anatoka msituni akitafuta nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, anakuta imeshikwa na warithi wa wale wale aliopigana nao. Mwaka uliofuata polisi wa Kenya walikiondoa kitabu hicho madukani. Dola iliona katika hadithi ya askari anayedai nyumba yake hatari kubwa kiasi cha kupeleka polisi kwa wauza vitabu.

Upande ambao wapelelezi wetu hawakuuona

Riwaya ya kusisimua ya Kiswahili ina historia ya kujivunia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Kisha akaja Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, wakati Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipokuwa na makao yake Dar es Salaam na kila msomaji akijua kwamba maadui wa kusini walikuwa na masikio mjini. Ben Mtobwa akatuletea mpelelezi Joram Kiango. Vitabu hivi vilipita mkono kwa mkono mabwenini na kwenye mabasi, na vimewafundisha kusoma watu wengi kuliko tunavyokiri.

Lakini tazameni jambo moja. Kwa sehemu kubwa, mashujaa hawa wanaua, wanajeruhiwa, wanarudi wakiwa wale wale. Kitabu kinachofuata kinaanza upya kana kwamba hawajawahi kuona maiti. Willy Gamba halali macho wazi usiku akisikia mizinga. Hana mke anayemwogopa anapoamka ghafla. Jasusi ni mtumishi wa dola, na dola inampokea kila mara: inampa tiketi, bastola na kazi nyingine. Askari wa kawaida aliyerudi kijijini hakupewa hata kimoja cha hivyo. Huyo hatujamwandika vya kutosha.

Kagera, na njia ya kurudi

Vita ninavyovisema mnavijua. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo. Jeshi likakuzwa kwa haraka kwa kuingiza mgambo, askari polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Watu waliotoka jembeni na machungani walijikuta ndani ya brigedi. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Fasihi iliitikia upesi. Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na Henry Muhanika akatoa utenzi wake wa Vita vya Kagera mwaka 1981. Kazi hizo zilikuwa na wajibu wa wakati wake, kuweka kumbukumbu ya ushindi. Pale Kaboya, wilayani Muleba, taifa limewalaza mashujaa wake kwa heshima. Aliyekufa ana kaburi na jina. Je, aliyerudi?

Aliyerudi alikuta nchi imechoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ikapanda duniani mwaka 1979, na gharama za vita zilikuwa zimekwisha kukausha hazina. Wananchi waliombwa wafunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Miezi ikapita, mkanda haukulegezwa. Sukari, sabuni na khanga vikawa vitu vya foleni na vya magendo. Ndipo ikaja kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Huko Usukumani na Unyamwezini wananchi walikuwa tayari wameunda sungusungu, kwa sababu wezi wa ng'ombe na majambazi wenye silaha walikuwa wamewazidi nguvu, na ulinzi huo ukaenea mikoa mingine.

Hayo ndiyo mazingira. Mtu aliyefundishwa kuvizia, kutembea usiku bila tochi na kutumia bunduki ya kivita amerudi katika nchi ambayo kazi halali haina malipo na kazi haramu ina malipo ya haraka. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza rasmi tatizo la kiwewe cha baada ya mkasa katika orodha yao ya magonjwa, baada ya kuwaona maelfu ya waliotoka Vietnam. Mwaka huo huo askari wa mgambo wa Tanzania alikuwa shambani kwake, na kilichomsumbua usiku hakikuwa na jina la hospitali.

Alichokikuta Hanang

Sasa tulilete jambo nyumbani. Wakati ule Mbulu na Hanang zilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Manyara ulizaliwa mwaka 2002. Na katika miaka hiyo hiyo ya vita, nyanda za Basotu zilikuwa zinageuka sura. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Warret. Kwa jumla yalikaribia ekari laki moja. Ilikuwa ngano ya kulisha miji, na nchi ilihitaji chakula. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, yenye visima vyao, njia za mifugo yao, na makaburi ya wazee wao waliozikwa kwa bung'eda, yale mazishi makubwa yanayoinua kichuguu juu ya marehemu na kuwakusanya watu kwa miezi. Trekta zilipita hata juu ya makaburi hayo.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa fidia. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaitengua hukumu hiyo kwa sehemu kubwa, kwa hoja za nani aligawiwa ardhi na nani amethibitisha kuimiliki kwa mila. Someni hukumu ile, vijana. Ina wahusika, ina mgogoro, ina mwisho unaouma, na kila mstari wake ni wa kweli.

Hebu sasa mwandishi amweke askari wake hapo. Ni mwaka 1979. Ameshuka kwenye lori Katesh, Mlima Hanang uko pale pale, zaidi ya mita 3,400, mawingu kileleni kama alivyouacha. Anatembea kuelekea nyumbani. Njia ya ng'ombe aliyoipita tangu utoto imekatwa na shamba lililolimwa hadi upeo wa macho. Mlinzi wa shamba anamwambia asipite. Yeye amevaa shati la jeshi, ametoka kuikomboa ardhi ya Kagera, ekari kwa ekari, na huyu anamkataza kufika kwenye kaburi la babu yake. Hapo hakuna risasi iliyopigwa, na tayari msomaji ameshika pumzi.

Mila zilizojua kumpokea mwenye damu

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Kwa Wadatooga, ambao Wabarabaig ni tawi lao, aliyemuua simba hakuachwa arudi kimya kimya. Alipakwa samli, akavishwa mapambo, akatembelea jamaa zake, nao wakampa ng'ombe. Jamii ilimwambia kwa vitendo kwamba imeona alichokifanya na kwamba ina deni la heshima kwake.

Kwa Wairaqw kulikuwa na metimani. Nyumba iliyoguswa na mauti ilitengwa kwa muda. Watu wake hawakuchangia chombo wala chakula na majirani, hadi muda ulipotimia wakarejeshwa katika jamii. Desturi hiyo ilikuwa na ukatili wake, na nausema bila kuuficha: wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walifukuzwa kwa jina lake, na ilikuwa haki kwamba ilipigwa vita. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na hekima moja ambayo riwaya yetu inaihitaji. Ilikiri kwamba kifo humbadilisha aliyekaribiana nacho, kwamba kuna muda wa kukaa pembeni, na kwamba muda huo una mwisho unaojulikana na wote.

Askari wa 1979 hakupata samli wala mwisho unaojulikana. Wapo waliotunukiwa nishani, na ni haki yao. Lakini nishani hutolewa na dola, haiwezi kuketi na mtu usiku. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza ng'ambo ya mto Kagera, mbele ya watu wasiomjua, na aliporudi kwao hakuna aliyeuona mchezo. Mzee wa ukoo hakujua ampeleke kwa nani: kanisani, hospitalini, au kwa wale waliojua slufay, maombi ya Wairaqw. Mwandishi akiiweka fadhaa hiyo ya mzee kwenye ukurasa, atakuwa ameandika kitu ambacho Morrell hakuweza kukiandika, kwa kuwa mji wake mdogo wa Kentucky haukuwahi kuwa na desturi ya namna hiyo ya kupoteza.

Uhalifu unavyoingia

Sasa tuingie katika ufundi. Katika riwaya dhaifu, mhusika anaamua kuwa jambazi. Katika riwaya nzuri, haoni siku aliyovuka mpaka. Kwetu mahali pa kuvukia papo, napo ni mnadani.

Mnada wa ng'ombe una watu wa kila aina: wachungaji, waswagaji, madalali, wachinjaji, wanunuzi kutoka mbali, karani wa vibali, mama lishe, wauza pombe. Taarifa zote za wilaya zinapita hapo. Mfanyabiashara mmoja anamwona askari wetu, anatambua utulivu wake, anampa kazi ya kusindikiza ng'ombe safarini usiku. Kazi hiyo ni halali, na kwa mara ya kwanza tangu arudi, mtu amemwambia kwamba ujuzi wake una thamani. Safari ya pili, ng'ombe wachache hawana chapa inayolingana na kibali. Anaona, ananyamaza. Safari ya tatu wenye mali wanawafuata kwa nyayo, na kwenye giza la bonde la Yaeda mtu anapigwa risasi. Risasi hiyo imepigwa na mkono uliofundishwa na taifa.

Mpelelezi wa kisa hiki awe nani? Nawashauri msimlete inspekta kutoka mjini. Mfanyeni kamanda wa ulinzi wa kijiji, naye awe amepigana Kagera. Waliwahi kuwa pamoja Lukaya, nchini Uganda, mwezi Machi 1979, usiku ule Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi, iliposhambuliwa kwa makombora na Walibya waliokuwa upande wa Amin na kutawanyika kwenye barabara iliyopita kati ya vinamasi, kabla ya majeshi yetu kujipanga na kulipiza kesho yake. Kuna jambo lililotokea kati ya watu hawa wawili katika saa zile za giza. Mmoja alikimbia na mwingine alibaki, au mmoja alimbeba mwenzake. Msomaji asijue mpaka mwisho. Hapo kumsaka mhalifu kunageuka kumsaka shahidi pekee wa siri yako mwenyewe, na huo ni msisimko ambao hauhitaji magari ya kifahari wala hoteli za Nairobi.

Msimsahau mke. Katika vitabu vingi vya aina hii mwanamke hupambwa, husaliti au huuawa. Nchi hii ina mfano bora zaidi. Wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao, girgwageda gademga, linaloweza kumshtaki mwanamume aliyemkosea mwanamke na kumtoza ng'ombe. Mke wa askari wetu, aliyevumilia ngumi za usingizini na kimya cha mchana, akilipeleka shauri lake huko, riwaya inapata mahakama ambayo haijawahi kuonekana katika hadithi za kijasusi za Kiswahili. Na inawezekana kabisa kwamba ni wanawake hao, walioketi na kumsikiliza mwenzao, watakaokuwa wa kwanza kuelewa kwamba mtu huyu anaumwa.

Mipaka ya heshima

Lazima niseme neno la tahadhari. Wengi waliotoka Kagera walirudi wakalima, wakafuga, wakasomesha watoto, wakawa wenyeviti wa vijiji na wazee wa kanisa. Riwaya itakayomfanya kila askari mstaafu aonekane jambazi itakuwa imewatukana. Vivyo hivyo kwa makabila yetu. Wabarabaig wamebandikwa sifa ya ukali tangu enzi za mkoloni, na mwandishi mvivu atavutwa kuitumia sifa hiyo kama maelezo ya uhalifu. Uhalifu wa mhusika wetu uelezwe na alichofanyiwa, alichoona na alichochagua. Mhusika asiyechagua hana hatia, na asiye na hatia hawezi kutufundisha lolote juu ya hatia.

Pia, mkichukua simulizi ya mzee, muulizeni kwanza. Badilisheni jina, kijiji na tukio. Siri ya mtu aliyepigana vita ni mali yake.

Wito

Narudi kwenye hoja yangu. Riwaya ya askari aliyeingia uhalifuni ni hukumu juu ya jamii iliyompokea, na thamani yake inapimwa kwa ukweli wa hukumu hiyo. Wamarekani wameiandika yao, na Ngũgĩ aliiandika ya Kenya. Ya kwetu inangoja watu wanaoijua Basotu ilivyokuwa kabla ya ngano, wanaojua mnada unavyofunguliwa asubuhi, wanaojua kwa Kiiraqw na Kidatooga namna ya kumkaribisha mtu aliyetoka mbali.

Muda si mwingi. Aliyekuwa na miaka ishirini Kampala ilipoanguka sasa ni mzee wa zaidi ya miaka sitini na mitano. Vijana wa Katesh, Dongobesh, Haydom, Daudi na Endasak, ketini na wazee hawa mwaka huu. Wasikilizeni bila kuwaharakisha, andikeni wanachowaruhusu, kisha jengeni hadithi zenu. Walimu, acheni kuwanyang'anya wanafunzi riwaya za kusisimua. Wafundisheni kuzichambua na kuziandika. Tangu mwaka 2023 nchi yetu inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na riwaya ni miongoni mwa nyanja zake. Pelekeni miswada.

Nanyi wazee mliopigana, kama mpo kati yetu leo, taifa liliwaomba mwende nanyi mkaenda. Tunawaomba jambo la pili: tusimulieni mlivyorudi. Sisi tutasikiliza.